Haki Ina Siku Zake: Kumwendea Wakili wa Haki za Raia Nchini Marekani

Wako ndugu zetu wengi, watu wa Mombasa, Unguja, Kongo na Burundi, ambao riziki au misukosuko ya dunia imewafikisha Marekani, nao wamejenga huko nyumba za Kiislamu. Twawajua kwa subira yao. Binti akinyimwa kazi kwa sababu ya mtandio wake, baba akifukuzwa kazini kwa kuomba nafasi ya kuswali Ijumaa, kijana akipigwa na askari bila ya kosa, mara nyingi jawabu ya wazee huwa moja: "Tumemwachia Mungu." Neno hili ni zito, na hapana Mwislamu wa kulipinga. Lakini Bwana Mtume (S.A.W.) alimfunza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Basi katika makala haya twataka kueleza namna ya kumfunga ngamia huyo katika nchi ile: yaani namna ya kumtafuta wakili wa haki za raia, na namna ya kujitayarisha kabla ya kukaa naye kwa mara ya kwanza.

Jambo la kwanza la kushikwa ni kwamba haki ina siku zake. Mtu aweza kuwa na haki iliyo wazi kama jua la mchana, akaipoteza kwa kuchelewa. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 yamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumbagua mtu kwa rangi, dini, jinsia au asili ya taifa lake. Lakini kwa sheria hiyo, aliyedhulumiwa haendi mahakamani moja kwa moja. Hana budi kwanza kupeleka malalamiko yake kwa tume ya serikali iitwayo EEOC, inayosimamia usawa katika kazi. Muda wake ni siku 180 tangu siku ya tendo lenyewe, au siku 300 ikiwa jimbo au mji wake una chombo chake chenye kusimamia sheria kama hiyo. Na akiisha kupewa barua ya ruhusa ya kushtaki, ana siku 90 tu za kufungua daawa.

Ama kwa dhulma ya askari au ofisa wa jimbo au wa mji, iko sheria nyingine, ya tangu mwaka 1871, inayomruhusu mtu kumshtaki ofisa aliyemvunjia haki zake za katiba. Muda wake hufuata jimbo: Tennessee ni mwaka 1, New York ni miaka 3. Na huko huko New York, anayetaka kuudai mji fidia ya madhara kwa sheria za jimbo hutakiwa kupeleka taarifa ya madai katika siku 90. Mwenye kungoja hasira zipoe, au kungoja mtoto amalize shule, huenda akaukuta mlango umekwisha fungwa.

Tutazame mfano mmoja ulio mashuhuri. Mwaka 2008, Samantha Elauf, binti Mwislamu wa miaka 17, aliomba kazi katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch huko Tulsa, jimbo la Oklahoma. Alikwenda kuhojiwa naye amevaa hijabu. Aliyemhoji alimpa alama za kutosha kuajiriwa, lakini mkubwa wa huyo aliyemhoji akaagiza asichukuliwe, kwa hoja kwamba kitambaa cha kichwani kilikuwa kinyume cha kanuni ya mavazi ya duka. Malalamiko yakafika EEOC, na tume yenyewe ikafungua daawa kwa ajili yake. Ilishinda mahakama ya kwanza, ikashindwa katika rufaa, mpaka mwezi wa Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotamka, kwa majaji 8 dhidi ya 1, kwamba mwajiri hana ruhusa ya kumkataa mwombaji kwa ajili ya kukwepa kumpa nafasi ya kufuata dini yake.

Katika khabari hii mna mafunzo mawili. La kwanza, ni safari ya miaka 7. Anayemwendea wakili na ajue kwamba anaingia safarini, si sokoni. La pili, ushahidi mkubwa ulitoka kwa mtu wa duka lile lile, aliyesema aliyoyasikia kwa mkubwa wake. Kwa hiyo, majina ya waliokuwapo ni mali; yafaa yaandikwe siku ile ile, kabla hayajasahauliwa.

Sasa wakili atapatikana wapi? Wengine hudhani serikali itawapa wakili wa bure. Hukumu ya mwaka 1963 ya Gideon v. Wainwright ilimpa haki hiyo mshtakiwa wa jinai asiyejiweza. Mwenye kudai fidia hakuguswa na hukumu ile. Hata hivyo umasikini si sababu ya kukata tamaa. Vyama vya mawakili vya majimbo mengi huwaelekeza watu kwa wakili anayefaa. Vyuo vikuu vingi vya sheria vina ofisi ambamo wanafunzi, wakisimamiwa na walimu wao, huwasaidia watu bila malipo. Ziko na jumuiya, kama ACLU iliyoanzishwa mwaka 1920, na CAIR, jumuiya ya Waislamu iliyoanzishwa mwaka 1994. Ila hizi haziwezi kubeba kila shauri, basi mtu asiketi kungoja jawabu ya mlango mmoja na hali siku zinakwisha. Wala asimchukue wakili kwa sababu tu ni jamaa wa msikitini. Hodari wa talaka na nyumba huenda asiijue njia ya haki za raia. Na jina la wakili yeyote lifaa litazamwe kwanza katika daftari la mawakili wa jimbo, ijulikane kama ana leseni na kama amewahi kuadhibiwa.

Ujira nao una namna zake. Wako wanaotoza kwa saa. Wako wanaochukua fungu la kitakachopatikana, aghalabu kama theluthi, na shauri likishindwa hawachukui ujira. Tena sheria ya mwaka 1976 yaipa mahakama uwezo wa kumwamuru aliyeshindwa katika mashauri ya namna hii amlipe wakili wa mshindi. Ndiyo sababu wakili aweza kupokea shauri la mtu asiye na kitu. Lakini gharama za mahakama na za mashahidi wa utaalamu ni jambo mbali na ujira. Yapasa kuuliza mapema, hata kabla ya kupanga siku, kama kikao cha kwanza kina malipo.

Tuje kwenye matayarisho. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yatuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi umma ulioamrishwa kuandika deni la dirhamu usishindwe kuandika dhulma iliyoupata. Mtu na aandike karatasi moja au mbili, kwa mpango wa tarehe: lini, wapi, nani alisema nini, nani alisikia. Juu yake aandike kwamba ni kwa ajili ya wakili. Akusanye barua ya kuajiriwa na ya kufukuzwa, hati za mshahara, ujumbe wa simu na barua-pepe, picha, na vyeti vya daktari kama aliumizwa. Kama palikuwa na kamera, amwambie wakili upesi, maana picha nyingi hufutwa baada ya siku chache.

Na yako ya kujiepusha nayo. Asifute ujumbe wowote, hata ule unaomwonesha amekasirika. Asiitangaze khabari yake katika mitandao, kwa kuwa yote yatasomwa na wakili wa upande wa pili. Asitie sahihi karatasi ya mwajiri yenye kumpa fedha ili asidai tena, mpaka wakili aisome. Asichukue faili za ofisi zisizo zake. Wala asinase sauti za watu kwa siri kabla ya kuijua sheria ya jimbo lake. California, kwa mfano, mazungumzo ya faragha hayanaswi ila kwa ridhaa ya wote.

Siku ya kikao, jambo kubwa ni ukweli. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa yatuamuru kusimama na uadilifu hata juu ya nafsi zetu. Kama mtu aliwahi kuonywa kazini, au ana kesi ya jinai, au makaratasi yake ya kukaa nchini yana kasoro, na aseme. Siri ya aliyekwenda kutaka ushauri hulindwa na sheria hata kama wakili hakulichukua shauri. Kinachoumiza ni wakili kuyasikia hayo kwa mara ya kwanza kinywani mwa adui.

Hapa tuna neno na wazazi. Wengi humchukua mtoto awe mkalimani, kwa kuwa Kiingereza chake ni chepesi. Tusifanye hivyo. Mama hataeleza mbele ya mwanawe namna alivyotukanwa au kushikwa, na mtoto hatapata maneno ya sheria. Iombwe ofisi ilete mkalimani. Hata jamaa wengine wangoje nje, maana kuwapo kwao chumbani kwaweza kuivunja ile siri.

Kisha mtu naye amuulize wakili: Umeshughulikia mashauri mangapi kama haya? Nani hasa atakayefanya kazi yangu? Udhaifu wa shauri langu ni upi? Siku ya mwisho ya kudai ni ipi? Tukishindwa, nitadaiwa nini? Wakili anayeahidi ushindi siku ya kwanza ni wa kutiliwa shaka. Akikubaliwa, mapatano yaandikwe, na nakala ichukuliwe nyumbani. Na ijulikane kwamba kukubali suluhu au kukataa ni uamuzi wa mwenye shauri, si wa wakili wake. Wakili akikataa, aulizwe tarehe ya mwisho, na mtu aende kwa mwingine kesho yake.

Enyi vijana, kazi hii yaweza kuanza nyumbani kwenu usiku huu. Kaeni na wazee wenu, wapeni kalamu, wasaidieni kupanga tarehe na karatasi zao. Kudai haki kwa njia ya haki hakuondoi subira wala tawakkul. Na mlango mmoja ukifunguliwa na mdhulumiwa mmoja, hupita humo wengi wasiomjua. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kusimamia uadilifu, tunapodai na tunapodaiwa. Amin.