Amana ya Chupa Tupu na Hatima ya Senti Tano

Sheria ya amana ya vyombo vya vinywaji humtaka mnunuzi alipe, juu ya bei ya kinywaji, kiasi kidogo cha fedha kiitwacho amana, ambacho hurudishiwa pindi anaporejesha chupa au kopo tupu. Afrika Mashariki, ambako soda na bia za chupa za kioo zimeuzwa kwa sharti hilo kwa miaka mingi, kiwanda chenyewe huihitaji chupa ili kiijaze upya. Chombo cha kutumika mara moja, kinyume chake, hakina anayekitaka, na ndiyo maana sheria hulazimika kukipa thamani.

Ni katika kuipanga thamani hiyo ambapo watunga sheria wengi wamejikwaa. Jimbo la Oregon, la kwanza nchini Marekani kupitisha sheria hii mwaka 1971, liliweka amana ya senti 5, ambazo kwa wakati ule zilimshawishi mtu kuinama na kuokota chupa, lakini mfumuko wa bei ukazimega mwaka baada ya mwaka huku maandishi ya sheria yakibaki yaleyale. Mwaka 2011 bunge la jimbo likaongeza kifungu kwamba amana ipande hadi senti 10 iwapo kiwango cha urejeshaji, yaani sehemu ya vyombo vilivyouzwa ambayo hurudishwa, kitakuwa chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili mfululizo. Hivyo ndivyo ilivyotokea. Amana ilipanda Aprili 2017, na urejeshaji ukavuka tena asilimia 80.

Massachusetts, ambayo sheria yake ilianza kutumika mwaka 1983 ikihusu hasa bia na vinywaji vyenye gesi, haikufika huko. Pendekezo la mwaka 2014 la kujumuisha maji ya chupa na kurekebisha amana kila baada ya miaka mitano kufuatana na mfumuko wa bei lilikataliwa na zaidi ya asilimia 70 ya wapiga kura, baada ya kampeni kali iliyogharamiwa kwa kiasi kikubwa na kampuni za vinywaji.

Kifungu kingine, ambacho wasomaji wa miswada hukipita haraka mno, ni kile cha amana zisizodaiwa. Michigan huelekeza robo tatu ya fedha hizo serikalini kwa usafishaji wa mazingira na robo iliyobaki kwa wenye maduka, ilhali Oregon huwaachia wasambazaji, ambao ndio hao hao wanaoendesha vituo vya kupokelea vyombo, kiasi kwamba kila chupa inayotupwa jalalani huwabakizia senti 10.