Kamera mbili, mfuko mmoja: Pima kwanza kabla ya kutoa pesa

Na Mwandishi Wetu

MZEE alipoaga dunia, jamaa zake wa mtaa wa Kangemi, magharibi mwa jiji la Nairobi, walianza kutafuta picha ya kuweka katika ratiba ya mazishi. Simu zilipekuliwa moja baada ya nyingine. Iliyokuwa na picha zake nyingi zaidi ilikuwa imeibwa katika matatu mwaka uliotangulia. Waliobaki nazo walikuwa na picha ambazo mzee ameonekana bega moja tu, au amesimama nyuma ya keki ya mtu mwingine.

Mwishowe ilichukuliwa picha ya kitambulisho chake, ikapanuliwa hadi sura ikatoka kama imechorwa kwa makaa. Wajukuu waliiangalia wakauliza huyo ni nani.

Mwana wa mzee huyo na mkewe waliapa kwamba jambo hilo halitatokea tena. Nyanya bado yu hai, ana miaka zaidi ya themanini. Binti yao wa kwanza yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu na karibu atafuzu. Kwa hivyo zamu ya mama ilipofika katika chama chao, waliamua sehemu ya fedha hizo inunue kamera nzuri, ndogo, ya kutia mfukoni.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Baba alitaka Ricoh GR III. Binti alitaka Canon PowerShot G7 X Mark III. Mama, ambaye fedha ni zake, alitaka kujua kwa nini kamera zinazotoshana kwa umbo ziwe na sifa tofauti hivyo. Waliniomba niandamane nao, nami nikakubali kwa sababu swali la mama ndilo ambalo watu wengi husahau kuuliza.

Kihisi ni nini?

Katika kamera za zamani, mwanga ulipita kwenye lenzi na kuangukia filamu. Siku hizi huangukia sahani ndogo iitwayo kihisi. Kihisi kikiwa kikubwa, hukusanya mwanga mwingi zaidi, na picha iliyopigwa sebuleni jioni haijai vile vijidoa kama chembe za mchanga. Simu nyingi za bei ya kadiri zina kihisi kidogo sana. Ndiyo maana picha zake hupendeza juani lakini huharibika usiku mnapokata keki.

Kamera hizi mbili zote zina kihisi kikubwa kuliko cha simu hizo, ila si sawa. Cha Canon huitwa cha inchi moja, jina ambalo linaweza kumpotosha mtu, kwani kwa hakika kina upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8. Cha Ricoh ni cha aina ya APS-C, karibu milimita 23.5 kwa 15.6. Ukipiga hesabu ya eneo, cha Ricoh ni zaidi ya mara tatu ya cha Canon.

"Basi imekwisha," baba alisema. "Kikubwa ni kikubwa."

Lakini haikuwa imekwisha, kwani mwanga hauingii kwa kihisi pekee. Huingia kwanza kwa lenzi, na hapo Canon hujilipia deni. Lenzi yake, ikiwa haijavutwa, hufunguka hadi f/1.8, ilhali ya Ricoh hufunguka hadi f/2.8. Nambari ndogo ndiyo tundu pana. Tundu la f/1.8 huupa kila sehemu ya kihisi mwanga wa karibu mara mbili na nusu ya ule wa f/2.8. Ukijumlisha yote mawili, Ricoh bado iko mbele, lakini kwa yapata asilimia 30 tu, wala si mara tatu. Mnunuzi anayesoma ukubwa wa kihisi pekee kwenye sanduku anasoma nusu ya habari.

Siku ya majaribio

Jamaa mmoja wa familia alituazima Canon, na Ricoh tukaikodi kwa siku moja mjini. Tulipanda matatu Kangemi tukashuka na Waiyaki Way hadi Westlands, kisha katikati ya jiji. Ulikuwa msimu wa Julai, wakati ambapo Nairobi hukaa chini ya mawingu mchana kutwa.

Kituo cha kwanza kilikuwa ndani ya City Market, barabara ya Muindi Mbingu, ambako mwanga hushuka kutoka juu na pembeni ni kizani. Baada ya kumwomba ruhusa mwuza maua mmoja, kila kamera ilipiga picha tatu. Tulipoziangalia baadaye kwenye kompyuta, za Ricoh zilikuwa safi zaidi kidogo. Nyuzi za kikapu zilihesabika. Za Canon zilikuwa nzuri pia, na mama hakuweza kutambua ipi ni ipi mpaka zilipopanuliwa sana.

Barabarani, Ricoh ilimfurahisha baba kweli. Ina uzito wa gramu 257 pamoja na betri na kadi, huingia mfuko wa shati, na huwaka kabla sekunde moja haijaisha. Katika Moi Avenue, mahali ambapo mtu hapendi kusimama na kitu cha thamani mkononi, hilo si jambo dogo. Canon ina gramu 304, na lenzi yake hujitokeza kama shingo ya kobe kila unapoiwasha. Nayo hutoshea mfukoni, ila ni mfuko wa koti.

Jaribio la tatu ndilo lililobadilisha mazungumzo. Katika uwanja wa chuo kikuu ambako mahafali hufanyika, binti alisimama mahali ambapo jukwaa huwekwa. Wazazi wakaenda nyuma, kule ambako wageni huketi.

Ricoh haina uwezo wa kuvuta kitu karibu. Lenzi yake ni moja, upana wa milimita 28 kwa kipimo cha filamu ya zamani, basi. Binti alionekana kama punje ya mtama kwenye sinia. Canon ilivuta kutoka 24 hadi 100, na uso wake ukajaa vizuri kwenye skrini.

"Si tunaweza kukata picha ya Ricoh na kubakisha uso tu?" baba aliuliza.

Inawezekana, ila kuna gharama. Ricoh hupiga picha ya megapikseli 24. Ukiikata hadi ilingane na ile ya Canon iliyovutwa mpaka 100, zinabaki kama megapikseli 2 hivi. Hizo zatosha picha ya ukubwa wa kadi ya posta, lakini hazitoshi picha ya kuning'inizwa ukutani. Canon hubaki na megapikseli zake zote 20. Ricoh yenyewe ina kitufe cha kukata hadi milimita 35 au 50, na hapo hubakisha megapikseli 15 au 7. Zaidi ya hapo ni kujidanganya.

Nyanya alipoketi

Jioni tulirudi Kangemi kumpiga nyanya picha, kwani yeye ndiye aliyekuwa chanzo cha safari yote. Hapa pia tulijifunza jambo. Lenzi pana kama ya Ricoh ukiisogeza karibu na uso, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Ilitubidi kusimama mbali, nyanya akaonekana pamoja na kiti chake, redio yake na kalenda ya ukutani. Picha hiyo ilitoka nzuri sana, kwa sababu ilionyesha anavyoishi.

Kwa Canon tulivuta hadi kama 80, tukapata uso peke yake, mikunjo na tabasamu. Wanawe waliitazama kimya kwa muda. Yeye nyanya alisema kitambaa chake kimekaa upande, turudie.

Kulipokuwa giza, tofauti nyingine ilijitokeza. Canon ina flashi yake ndani. Ricoh GR III haina, ingawa ndugu yake wa awali, GR II, alikuwa nayo. Mwenye Ricoh hulazimika kununua flashi ya kuchomeka juu.

Kwa wale wanaopenda video, Canon hupiga za 4K, ina tundu la kuchomeka maikrofoni, na skrini yake huinuka ili ujione unapojipiga mwenyewe. Ricoh huishia Full HD, haina tundu la maikrofoni, na skrini yake haisogei. Zote mbili hazina tundu la kuchungulia, kwa hivyo jua kali la Januari litawasumbua wenye macho dhaifu. Betri za zote hukaa kwa picha 200 na ushei tu. Ongeza betri ya pili katika hesabu yako tangu mwanzo.

Bei na mitego

Kamera zote mbili zilitoka mwaka 2019. Ng'ambo, Canon ilianza kuuzwa dola 749 za Marekani na Ricoh dola 899. Asikudanganye mtu kwamba bei hizo zimebaki. Vijana wa mitandao ya kijamii walizipenda kamera hizi, mahitaji yakapanda na bei zikafuata. Mwaka 2025 Ricoh ilitoa GR IV, kwa hivyo wenye GR III wengine huziuza ili wapate mpya. Ukiagiza kutoka nje, bei ya dukani huko siyo bei ya mwisho: kuna usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16.

Wengi wetu tutanunua iliyotumika. Fanya hivi kabla ya kutoa pesa:

• Ifunge lenzi hadi f/11 au zaidi, piga picha ya karatasi nyeupe, kisha uipanue. Madoa meusi ni vumbi lililoingia ndani. Kamera hizi huwezi kuzifungua mwenyewe kupangusa, na mtaani kwetu vumbi halikosekani.

• Washa na kuzima mara kumi. Sikiliza lenzi. Ikikwaruza au ikikwama, acha hapo hapo.

• Linganisha nambari iliyo chini ya kamera na ile ya sanduku na risiti. Mwuzaji asiye na risiti akupe nakala ya kitambulisho chake na mwandikiane. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu humhukumu anayepokea mali ya wizi, na bei ya kutupa ni dalili ambayo mahakama huweza kukuuliza kwa nini hukuitilia shaka.

• Kama ni mpya, uliza waranti ni ya nani: ya kampuni yenyewe au ya mwenye duka tu.

Si kila uso ni wako

Binti ana mpango wa kupiga picha za wenzake kwa malipo siku za sherehe. Ni wazo jema, lakini Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu. Picha ya mtu anayetambulika ni habari yake binafsi. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza shule moja ya Uthiru, hapo karibu tu na Kangemi, faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kilabu kimoja cha barabara ya Ngong nacho kilitozwa Sh1.85 milioni kwa picha ya mteja wake. Anayepiga picha za biashara na aombe ruhusa kwanza, ikiwezekana kwa maandishi.

Walichochagua

Nani alishinda? Kama baba angekuwa anajinunulia yeye peke yake, kwa matembezi yake ya mjini, Ricoh ingemfaa zaidi. Picha zake ni safi, ni nyepesi, na humfundisha mtu kusogea kwa miguu badala ya kuvuta kwa kidole. Lakini kamera hii ilikuwa ya nyumba nzima: ya jukwaa la mahafali, uso wa nyanya, keki ya usiku na video za binti. Mama aliamua Canon, na baba akakubali bila kununa sana.

Tukumbuke pia kwamba kamera si mpiga picha. Mohamed Amin, mwana wa Nairobi aliyezaliwa 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia nzima, alianza akiwa mtoto kwa Box Brownie iliyotumika. Kisanduku hicho hakikuwa na hata moja kati ya sifa tulizozibishania.

Jambo moja bado halijasemwa. Familia ile haikupoteza sura ya mzee kwa kukosa kamera pekee. Ilipoteza kwa kuziweka picha zote ndani ya simu moja. Hivyo wamekubaliana: kila mwisho wa mwezi picha zitanakiliwa mahali pawili, na tano bora zitachapishwa kwenye karatasi. Ya kwanza, ile ya nyanya na redio yake, tayari imewekewa fremu. Inashangaza kidogo kwamba ndiyo iliyopigwa kwa Ricoh ya kukodi.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Usiifuate kamera kwa sababu ni mpya au kwa sababu jirani anayo. Kaa na watu wa nyumbani mwako, andikeni picha kumi mnazotaka kuwa nazo miaka ishirini ijayo, kisha muulize ni kamera gani inayoweza kuzipiga.