Usipime Choo Kutafuta Bakteria wa Mtindi

Swali ni lilelile, hapa Mpwapwa mjini na hata minadani: nimemaliza dozi ya antibayotiki, nimekunywa mtindi wiki nzima, sasa nikapime choo nijue kama bakteria wazuri wameshalowea tumboni?

Usipime. Choo kinaonyesha zaidi waliopita. Waliobaki wamejishika kwenye ute wa ukuta wa utumbo, nao hawaonekani vizuri humo. Kipimo cha vinasaba husoma hata bakteria aliyekufa njiani. Hadubini ya zahanati ndiyo kabisa: haiwezi kutenganisha Lactobacillus wa mtindi na jamaa zake waliokuwamo tangu zamani.

Mwaka 2018, Taasisi ya Weizmann ya Israel iliwapa watu vidonge vya bakteria wa aina 11, kisha ikapitisha kamera na kuchukua sampuli ndani ya utumbo wenyewe. Baadhi waliwapokea bakteria wale, wengine utumbo wao uliwakataa. Kwenye sampuli za choo, wote walionekana kuwa nao! Hata anayepima choo vizuri hana budi kusitisha vidonge kwanza, asubiri, kisha atafute nasaba ileile aliyomeza. Ilipofanyika hivyo kwa Bifidobacterium longum AH1206, matokeo yakatoka 2016: ilidumu miezi sita au zaidi kwa takriban asilimia 30 tu ya waliopewa.

Tena baada ya antibayotiki, timu hiyo ya Weizmann iliona waliopewa vidonge wakichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko waliosubiri tu. Na muuzaji anayedai mtu mzima hawezi kuwa na afya bila Bifidobacterium ajibu hili: utafiti wa 2014 haukuwakuta bakteria hao kwa Wahadzabe watu wazima wa Ziwa Eyasi.

Mtindi siupingi hata kidogo. Bakteria wa yogati humeng'enya laktosi wakiwa wanapita. Si lazima walowee.

Kwa hiyo: kunywa mtindi kama chakula. Antibayotiki, kwa cheti cha daktari tu. Mtoto anayeharisha apewe ORS na zinki, kukiwa na damu apelekwe kituo cha afya upesi. Mwenye kinga dhaifu sana asimeze vidonge vya bakteria bila daktari. Na maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa, kwani uchachu hauui brusela kwa uhakika.