Mguu wa matende: utajuaje kama unapungua?

Mgonjwa wa matende huelekezwa kuosha mguu kwa sabuni kila siku, kuukausha hadi katikati ya vidole, kuuinua akikaa na kuuchezesha. Baada ya miezi mitatu anautazama, haoni tofauti, anakata tamaa na kuacha. Lakini jicho hukosa kuona mabadiliko madogo. Kipimo huyaona. Leo tunalinganisha njia tatu za kupima ukubwa wa mguu.

Kwanza, kwa nini mguu huvimba?

Matende hutokana na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Mitaa kama Tandale, wilayani Kinondoni, mbu wanaohusika zaidi ni wale wanaozaliana kwenye maji machafu: vyoo vya shimo, makaro na mitaro iliyoziba. Vijijini, hata mbu wa malaria huieneza. Minyoo huharibu mishipa inayoondoa maji ya ziada mwilini, nayo maji yanatuama mguuni.

Kampeni ya taifa ya kugawa dawa za ivamektini na albendazoli ilianza mwaka 2000. Dawa hizo huzuia maambukizi kuenea, lakini mguu ulioharibika haurudi ulivyokuwa kwa kuzimeza. Unahitaji kutunzwa na kufuatiliwa.

1. Ndoo ya maji

Jaza chombo kirefu maji hadi ukingoni, mgonjwa aingize mguu taratibu, kisha pima maji yaliyomwagika. Yakimwagika lita 3, ukubwa wa sehemu iliyozama ni lita 3. Njia hii hupima hata unyayo na mikunjo ya ngozi, ndiyo maana watafiti hupimia nyingine kwayo. Ubaya wake: haifai mguu wenye kidonda, chombo lazima kisafishwe kwa kila mgonjwa, na mzee anaweza kuteleza.

2. Futi ya fundi cherehani

Weka alama kwenye mguu kila sentimita 10 kuanzia sakafuni, kisha zungushia futi kwenye kila alama bila kuikaza. Kliniki hugeuza vipimo hivyo kuwa ujazo kwa hesabu. Mfano: kipande cha sentimita 10 chenye mzingo wa 30 chini na 34 juu kina karibu mililita 816. Kipande hichohicho kwenye mguu mzima, chenye 24 na 27, kina karibu mililita 518. Tofauti ni kama mililita 300, katika kipande kimoja tu!

Futi ni rahisi na haihitaji umeme. Udhaifu wake ni mkono wa mpimaji: mmoja anakaza, mwingine analegeza. Pia haipimi vizuri unyayo na vidole.

3. Kamera ya miale

Kamera maalumu hufungwa kwenye kompyuta kibao, ikazungushwa kandokando ya mguu bila kuugusa, na mashine ikatoa ujazo. Nchini Sri Lanka, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliilinganisha na maji na futi kwa wagonjwa wa matende, na majibu yakakaribiana sana. Ni ya haraka na inafaa hata mwenye vidonda, ila ni ghali.

Ya nyumbani ni ipi?

Ni futi. Lakini fuata haya:

- Pima asubuhi kabla ya shughuli, kwani jioni mguu huvimba zaidi.
- Mtu awe yuleyule, na alama ziwe palepale.
- Pima miguu yote miwili, mara moja kwa mwezi.
- Andika namba na tarehe kwenye simu, uende nazo kliniki.
- Usichanganye njia: namba za futi zilinganishe na za futi.

Mguu ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, au ukapata homa, usisubiri siku ya kupima. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kila shambulio la namna hiyo huongeza uharibifu.

Kama nyumbani kwenu au kwa jirani kuna mwenye matende, msomee makala haya. Futi ipo kwa fundi yeyote wa kijijini.