Ulinzi wa Shamba na Ujuzi wa Msituni Katika Siasa ya Kujitegemea: Mfano wa Uluguru

Tunapozungumza juu ya kujitegemea, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye jembe, mbegu na mbolea. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kuwa maendeleo yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na katika hilo la kwanza umo pia ujuzi wa watu hao. Mkulima wa Uluguru huzalisha mahindi yake mara mbili: mara ya kwanza kwa jembe, mara ya pili kwa kuyalinda. Nyani na tumbili huja mchana, nguruwe pori usiku, na panya hawana saa. Kazi hii ya pili haionekani katika ripoti zetu, ingawa ndiyo inayoamua kama ghala litajaa.

Tuitazame kazi yenyewe. Mlinzi hujenga dungu mahali anapoona shamba lote pamoja na ukingo wa msitu. Nyani huona vizuri na hukumbuka; akigundua kuwa mlinzi ni mmoja na amesinzia, kundi zima huingia kwa upande wa pili. Kwa hiyo mlinzi hutumia kombeo, debe na mbwa, na hubadili mahali pake mara kwa mara. Nguruwe hutegemea pua zaidi kuliko macho. Mwindaji anayemsubiri lazima ajue upepo unatoka wapi, na katika milima ile upepo wa usiku hushuka bondeni wakati ule wa mchana hupanda. Anayepuuza jambo hilo atakesha bure.

Mtego wa kamba nao una elimu yake. Mtegaji hutafuta njia ya mnyama, hupinda mti mchanga wenye nguvu, hufunga tanzi, kisha huuzuia kwa kijiti ambacho mguu wa mnyama utakifyatua. Urefu wa tanzi kutoka ardhini ndio huchagua nani anaswe. Kamba ya magome au ya katani huoza baada ya muda, na mtego ulioachwa hufa wenyewe. Waya wa chuma hauozi. Hukaa msituni ukiua hata baada ya mwenyewe kuusahau, na hauulizi kama aliyenaswa ni nguruwe mharibifu au minde, mnyama asiyepatikana popote duniani isipokuwa Tanzania. Hapa kuna tofauti kati ya ujuzi na uharibifu, na wazee wanaielewa vizuri kuliko vijana wanaonunua waya mjini.

Ukoloni haukuyaona hayo. Mwaka 1896 Gavana Wissmann alitoa amri iliyoanzisha leseni za uwindaji na maeneo ya hifadhi, na Waingereza wakafuata na sheria yao ya mwaka 1921. Mwenye bunduki na fedha ya leseni akawa mwindaji. Mwenye wavu na mbwa akawa jangili. Dharau hiyo hiyo iliingia mashambani. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha Uluguru mpango wa kuchimba matuta kwa lazima. Sehemu nyingi matuta yalifukua udongo mbovu wa chini, mazao yakadhoofu, na mwezi Julai 1955 wananchi wa Matombo wakakataa. Polisi walipiga risasi na mtu mmoja akauawa, mpango ukaachwa. Wataalamu walikuwa sahihi kuwa mmomonyoko ulikuwepo. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba mtu aliyeishi mtelemkoni maisha yake yote hana la kuwaambia.

Baada ya Uhuru hatukuweza, na wala haikufaa, kumwachia kila mtu atege apendavyo. Mikumi ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 iliyoshika nafasi yake, zote zinazuia mashimo, nyavu na tanzi bila kibali. Wanyama ni mali ya taifa zima, na misitu ya Uluguru, iliyofanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, ndiyo chimbuko la Mto Ruvu unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam. Lakini haki haiwi kamili iwapo mnyama ni wa taifa na hasara ni ya mkulima peke yake.

Sasa tuje kwenye mgongano ambao viongozi wengi huukwepa. Zamani aliyekaa dunguni alikuwa mtoto. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi, na kufikia mwaka 1977 madarasa yalijaa. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Ila mtoto alipokwenda darasani, nyani hawakuhama. Katika kaya nyingi kazi ile ilimwangukia mama, juu ya kuni, maji na jiko. Penginepo mtoto alirudishwa dunguni kimya kimya kila mahindi yalipokomaa, na mwalimu akaandika “mtoro”. Kumwadhibu mzazi huyo ni kumpiga aliyekwisha kuumia. Mashamba yaliyopakana yakilindwa kwa zamu, walinzi wanne wanaweza kufanya kazi ya watoto ishirini. Hilo ni jambo la ushirika, na halihitaji fedha za kigeni.

Ujuzi wa mtego, tena, si mabaki ya ushamba. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likiwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro, limefundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa chuoni hapo, alitunukiwa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Mnyama huyo ni yule yule ambaye wanakijiji wa Morogoro wamemtega miaka mingi kwa ajili ya kitoweo, wakijua tundu lake, chakula chake na saa zake za kutoka.

Basi mabalozi wa mashina wayaulize haya kabla mahindi ya masika hayajabeba: nani analala dunguni juma hili, mbwa ni wa nani, Afisa Wanyamapori ameombwa kibali cha msako wa nguruwe au bado, na ni watoto wangapi hawakuonekana shuleni jana.