Mseto wa obitali

Mseto wa obitali ni muungano wa obitali za atomi moja unaozaa obitali mpya zenye umbo na nishati sawa. Dhana hii iliendelezwa na mkemia wa Marekani, Linus Pauling, mwaka 1931, ili kueleza kwa nini vifungo vinne vya kaboni katika methani vinalingana, ilhali elektroni zake za nje zimo katika obitali za aina mbili, s na p.

Idadi haibadiliki. Katika methani, s moja na p tatu huzaa sp³ nne, zilizotengana kwa nyuzi 109.5. Katika etheni, s huungana na p mbili tu: sp² tatu hukaa kwenye bapa moja kwa takriban nyuzi 120, na p iliyosalia huingiliana ubavu kwa ubavu na ya kaboni jirani, ikifanya kifungo cha pai.

Matumizi: Obitali isichanganywe na obiti. Obiti ni njia, kama ile ya mwezi kuizunguka dunia. Obitali ni eneo ambamo elektroni huelekea kupatikana. Mfasiri anayeandika "obiti" humpa mwanafunzi picha ya sayari, na pembe zilizotajwa hukosa maana. "Mchanganyiko" nao haufai, kwani katika kemia hutaja vitu vilivyowekwa pamoja huku kila kimoja kikibaki na sifa zake. Obitali zilizoingia katika mseto hazibaki s wala p.