Aibu ni ya Kisu, si ya Anayekirudisha

Jioni moja, baada ya swala ya Magharibi, mwanangu alikaa barazani akitoboa jicho la nazi kwa kisu kipya cha kukunja. Nilikuwa nimemnunulia asubuhi ya siku ile kwa shilingi 800, kwa kuwa huandamana na ami yake baharini, nami niliona kisu kinachojificha ndani ya mpini wake ni salama zaidi chomboni kuliko kisu kilicho wazi. Alipokaza ncha, komeo linaloshikilia bapa liliteleza. Bapa lilirudi mpinini kama mtego, na kidole chake cha shahada kilikuwa njiani.

Alhamdulillahi, jeraha halikuhitaji kushonwa. Tuliliosha, tukalifunga kitambaa, kisha babake akakichukua kisu akakitazama chini ya taa. Alikifungua, akaugusisha mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza huku vidole vyake vikiwa mbali. Kisu kikajikunja bila ya kukataa. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu komeo halikushika.

"Kesho kirudi dukani," akasema.

Mavyaa wangu, aliyekuwa akisikiliza kutoka mkekani, akatikisa kichwa. "Aibu, mwanangu. Kitu cha shilingi 800, mwanamke aende akasimame dukani kuteta na watu? Kitupe, umuombe Mungu akupe badali yake."

Neno lake lilinikaa moyoni usiku ule, maana nami ndivyo nilivyolelewa. Ni wangapi kati yetu wenye kabati lililojaa vitu vya namna hii: pasi iliyoungua siku ya pili, sufuria lililotoka mkono, viatu vya mtoto vilivyobanduka soli kabla ya Idi kwisha? Tunanyamaza, na kunyamaza kwetu tunakuita haya.

Neno moja, maana mbili

Neno lenyewe, hata hivyo, lina historia yake. Tumelitoa katika Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni ila au kasoro. Sisi Waswahili tumelizoea zaidi kwa maana ya fedheha. Katika vitabu vya fiqhi, mlango wa biashara una fungu zima linaloitwa khiyari ya aibu, yaani hiari anayopewa mnunuzi ya kuipitisha biashara au kuivunja, akikuta kasoro katika alichonunua. Aibu inayotajwa hapo ni ya kitu kilichouzwa. Kumrukia mnunuzi kwa sababu tu amekibeba kitu hicho mkononi ni kuihamisha kutoka pale ilipowekwa.

Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) katika jambo hili yanajulikana. Imepokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani yake, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomuuliza mwenye chakula, huyo alijieleza kuwa ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka kilichorowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Tuzingatie: Mtume hakutosheka na kilichoonekana juu. Alitia mkono. Kukagua bidhaa, basi, si dalili ya kumdhania mtu vibaya.

Masharti ya kurudisha

Wanavyuoni hawakuuacha mlango huu wazi kwa kila mwenye kubadili nia. Ili mtu awe na haki ya kurudisha kwa sababu ya kasoro, kasoro hiyo iwe ilikuwapo kabla ya kitu kumfikia mkononi. Iwe inapunguza thamani ya kitu au inaharibu lengo lake. Na iwe ni kasoro ambayo vitu vya jinsi hiyo kwa kawaida havina. Vilevile mnunuzi awe hakuijua wakati wa kununua. Aliyeonyeshwa kasoro akaridhia, amekwisha kuridhia.

Madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, yanaongeza jambo ambalo akina mama wengi hatulijui: haki hii haingoji. Mtu akishaitambua kasoro, yampasa aharakishe kurudisha kwa kadiri ya ada na uwezo wake. Maulamaa hawakumtwika mtu zito: akiwa ndani ya swala au yuko kwenye chakula, amalize, akiitambua usiku, angoje kukuche. Lakini akiendelea kukitumia kitu huku anaijua ila yake, huhesabiwa kuwa ameridhika nacho. Kwa hivyo yule anayekitia kisu kibovu kabatini miezi mitatu kwa ajili ya haya, kisha akakumbuka kulalamika, atakuwa ameipoteza haki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna tahadhari nyingine. Kitu kikipata kasoro mpya mikononi mwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji akipokee kilivyo. Hapo mlango unaobaki ni wa kufidiwa upungufu ule wa kwanza, au wapatane. Ndiyo maana nilimkataza mwanangu alipotaka kukifungua kisu kwa bisibisi ili "akitengeneze". Skrubu ikiliwa kichwa au mpini ukikwaruzwa, nani atajua kasoro gani ni ya kiwandani na ipi ni ya barazani kwetu?

Jinsi ya kukikagua kisu cha kukunja

Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika tano, na ni bora ufanywe palepale kwenye meza ya muuzaji. Kwanza, kitazame kikiwa kimefungwa. Ncha izame yote ndani ya mpini. Ikichomoza hata kidogo, itachana mfuko na kuchoma mkono. Kitikise taratibu: bapa lisifunguke lenyewe.

Pili, kifungue polepole hadi mwisho usikie komeo likigota mahali pake. Shika mpini kwa mkono mmoja bila ya kidole chochote kukaa kwenye njia ya makali, kisha uukandamize mgongo wa bapa kwenye ubao kwa nguvu ya kiasi. Komeo zuri halitikisiki. Likiteleza hata mara moja, kisu hicho hakifai, hata kikiwa kizuri namna gani kwa macho.

Tatu, lishike bapa kwa mgongo wake na ulisukume kulia na kushoto. Likicheza kama jino bovu, bawaba yake imelegea au tundu lake limetobolewa vibaya. Nne, lielekeze kwenye mwanga: makali yawe sawa toka shina hadi ncha, pasiwe na pengo, ufa wala kutu. Bapa likifungwa lisisugue upande wa ndani wa mpini, kwani litajitia butu kila linapokunjwa.

Tuwe waadilifu pia. Kisu kipya kikiwa kigumu kidogo kufunguka, au kina mafuta ya kiwandani, hiyo si kasoro. Makali yasiyokata sawasawa yanaweza kunolewa. Na kisu kilichotumiwa kufungulia makopo hata ncha ikavunjika, au kilichoachwa na maji ya chumvi wiki nzima hata kikashika kutu, kasoro yake imetoka kwetu. Kumbebesha muuzaji dhambi hiyo ni kughushi vilevile, ila safari hii aliyeghushi ni mnunuzi.

"Mali ikiuzwa hairudishwi"

Asubuhi nilipokwenda, kitu cha kwanza kilichonikabili dukani ni kibao: mali ikiuzwa hairudishwi. Nusura nigeuke. Maneno hayo tunayaona kila mahali, mpaka tumeyadhania kuwa ni sheria.

Katika fiqhi, muuzaji anayeshurutisha kwamba yeye kajitoa katika kila kasoro haokoki kwa sharti hilo. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kuwa sharti kama hilo humtoa tu katika ila iliyofichika ndani ya mnyama, ambayo yeye mwenyewe hakuijua; kisu hakimo humo. Sheria ya nchi nayo imekwenda upande huohuo. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahiki, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro za bidhaa. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa anachouza, na maandishi ya kwenye risiti hayatoshi kuifuta dhamana hiyo. Jambo likishindikana kabisa, iko Mahakama ya Madai Madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu anaweza kusimama mwenyewe bila ya wakili.

Kibao kile kina haki yake mahali pengine. Mtu akinunua kitu kizima kisha akajuta, au akaona rangi nyingine inampendeza zaidi, muuzaji halazimiki kukipokea. Akikipokea kwa hiari yake, amefanya ihsani, na imepokewa katika Hadithi kwamba mwenye kumpokelea Mwislamu biashara aliyoijutia, Mwenyezi Mungu atamsamehe kuteleza kwake. Lakini tusichanganye fadhila na haki. Aliyejuta huomba, aliyeuziwa kasoro hueleza.

Mbele ya meza ya muuzaji

Nilingoja wateja wapungue, maana si adabu kumfedhehi mtu mbele ya kadamnasi. Nikatoa salamu, nikaweka kisu kikiwa kimefungwa, na risiti kando yake. "Ami, jana nilinunua kisu hiki kwako. Komeo lake halishiki, na usiku kilimkata mwanangu. Naomba ukitazame mwenyewe."

Mzee alikunja uso. "Mwanangu, hawa vijana hawajui kutumia visu."

Sikumjibu kwa ukali. Nilimuomba aufungue na kuugusisha mgongo wake kwenye meza. Kikajikunja. Akatazama kidole gumba chake kilivyokuwa karibu, akanyamaza kidogo. Kisha, pasi na mimi kumwambia, aliinama chini ya meza akatoa katoni yenye visu vya aina ileile. Akajaribu kimoja kikashika. Cha pili kikashika. Cha tatu kikajikunja kama changu, na cha tano pia.

"Hivi ningemuuzia nani leo?" akasema, kama anayejisemea.

Alinirudishia shilingi zangu 800, akaisukuma katoni nyuma ya kiti chake. Akaniambia atairejesha kwa tajiri wa jumla, naye amrejeshee aliyeiagiza, kwani yeye pia alinunua na hakuuziwa kwa masharti ya kukubali ubovu. Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo haya yangu ilikuwa imenifumba nisilione: laiti ningekitupa kile kisu jaani, kingetoka nyumbani kwangu peke yake, na wenzake wangebaki wakingoja vidole vya watoto wa watu.

Sisi ambao pia ni wauzaji

Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu nasi tunauza: madera na buibui, udi na mafuta, kaimati za jioni, vyombo kwa simu. Hadithi ya Hakim bin Hizam, iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari, inatufundisha kwamba wauziane wawili wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na kusema uongo, baraka hiyo hufutwa. Dera lenye tundu dogo la kiwandani lisemwe lina tundu, na bei ishuke. Mteja akirudi na kasoro, tumpokee kama mtu aliyetuletea habari ya mali yetu tusiyoijua.

Tukirudi kwenye kisu, liko pia funzo la nyumbani. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kupokezana upanga uliochomolewa alani. Kisu cha kukunja ala yake ni mpini wake, na komeo ndilo linaloamua kama ala hiyo itamlinda mtu au itamsaliti. Tuwafundishe watoto kukitoa kwa mwenzao kikiwa kimefungwa, na tuwanunulie kinachofunga kweli.

Mavyaa wangu aliniuliza niliporejea kama nimeona aibu. Nilimweleza habari ya katoni. Alikaa kimya akivuta tasbihi yake, kisha akaniagiza nimletee ile pasi yake iliyoungua mwezi uliopita, atazame kama risiti bado ingalimo ndani ya boksi. Nilimwambia amechelewa, kwani aliijua ila yake akanyamaza. Akaguna. "Basi ijayo," akasema.